Stata inazunguka vizuri ila gari haiwaki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Fundi ananiuliza kwenye simu "inapiga au haipigi?" Kwani kuna tofauti gani, si gari haiwaki tu?

Tofauti ni kubwa sana. Ukigeuza ufunguo ukasikia "tk" moja tu au kimya kabisa, hiyo haipigi, hapo unatafuta betri, vichwa vya betri, stata yenyewe au waya zake. Ila kama injini inazunguka, unaisikia kabisa inageuka lakini haishiki, hiyo inapiga, basi stata imeshafanya kazi yake na shida iko sehemu nyingine. Maswali yote ya hapa chini ni ya gari ya aina hii ya pili. Watu wengi wananunua stata mpya kwa gari ambayo stata yake haina tatizo lolote, inauma sana kuona hivo, kwahiyo anza kwa kujua uko upande gani.

Injini inahitaji nini hasa ili iwake?

Mafuta, moto wa plagi, hewa na kompresheni (yaani hewa kubanwa ndani ya silinda), alafu vyote vifike kwa wakati wake. Gari za kisasa zinaongeza kitu cha tano ambacho ni ruhusa ya kompyuta, maana kompyuta ikikataa hata kama kila kitu ni kizima hauendi popote. Kwenye gari za petroli mara nyingi kinachokosekana ni mafuta au moto, hewa ni mara chache. Kazi yako ni kujua kipi kimekosekana kabla hujanunua chochote, kwasababu pampu, plagi, koili (inayotengeneza umeme wa plagi) na sensa zote ukizinunua kwa kubahatisha utamaliza hela na gari itakuwa bado imelala palepale.

Nianze kuangalia wapi kabla sijafungua boneti?

Kaa kwenye kiti, zima redio na feni, funga vioo. Washa swichi bila kupiga stata, alafu sikiliza upande wa tanki la mafuta. Gari nyingi za petroli zenye nozeli (vile vinavyonyunyizia injini mafuta) utasikia pampu inaunguruma kidogo kwa kama sekunde 2 alafu inanyamaza, hapo inajaza presha kwenye bomba. Kuna gari nyingine pampu inafanya hivo pale unapofungua mlango wa dereva, na nyingine hazitoi mlio mpaka stata ianze kuzunguka, kwahiyo ukimya peke yake usiufanye ushahidi kamili, ila kama ulizoea kuusikia kila siku na leo haupo hiyo ni habari kubwa.

Swichi ikiwa bado imewashwa angalia dashibodi. Taa ya injini lazima iwake kabla hujapiga stata, isipowaka kabisa kuna uwezekano kompyuta ya injini haipati umeme, na hapo unatafuta fyuzi kuu, rilei kuu (rilei ni swichi inayowashwa na umeme) au waya wa ethi, yaani ule unaoungwa kwenye bodi ya gari, na sio plagi. Angalia pia taa ya ufunguo au ya kufuli, kama inamemeteka haraka soma maelezo ya imobilaiza (kinga ya wizi inayotambua ufunguo) hapo chini. Mwisho piga stata huku macho yako yako kwenye mshale wa RPM. Gari nyingi mshale unainuka kidogo wakati stata inazunguka, kama umelala kwenye sifuri bila hata kutikisika, sensa ya krankshafti (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) inaingia kwenye orodha ya watuhumiwa.

Geji inaonyesha robo tanki, kwahiyo mafuta yapo si ndio?

Usiiamini moja kwa moja. Kielea kinaweza kukwama, na gari ikipaki kwenye mteremko mafuta yanakimbilia upande mmoja pampu inabaki inavuta hewa. Ongeza lita 5 hadi 10 ndo uanze vipimo vingine. Na kama shida imeanza mara tu baada ya kujaza mafuta, fikiria maji kwenye mafuta au umewekewa aina ambayo sio. Ukigundua umeweka petroli kwenye dizeli usiwashe hata swichi, maana pampu itaanza kuisambaza kwenye mfumo mzima, tanki litolewe mafuta kwanza.

Kama stata inazunguka basi betri iko poa?

Sio lazima. Betri iliyojaa ikiwa imetulia inasoma kama volti 12.6. Weka mita kwenye vichwa vya betri mwambie mtu apige stata, ikishuka chini ya kama volti 10 basi stata inaweza kuwa bado inajitahidi kuzungusha ila kompyuta na koili zinabaki na umeme mdogo, moto unakuwa dhaifu au hakuna kabisa. Sikiliza pia spidi, kama inazunguka kivivu, inasita na kuendelea, chaji betri kwanza na safisha vichwa vyake mpaka risasi ing'ae ndani. Usiendelee na vipimo vingine kwa betri iliyochoka, majibu yote yatakudanganya.

Naruhusiwa kupiga stata kwa muda gani?

Sekunde 10, basi. Pumzika dakika moja au zaidi alafu rudia. Stata inakula umeme mwingi mno na inapata joto haraka, ukiing'ang'ania utaongeza tatizo la pili juu ya la kwanza. Kwenye petroli kuna hasara nyingine pia, mafuta yasiyowaka yanaosha oili kwenye kuta za silinda na mengine yanaingia kwenye katalitiki ya ekzosi. Kama umeshapiga mara kadhaa na haijashika, acha, anza kupima.

Nitajuaje kama kilichokosekana ni mafuta au ni moto?

Hiki ndo kipimo ambacho natamani kila mwenye gari akijue kwasababu hakihitaji mashine yoyote, ni spana ya plagi tu. Piga stata sekunde chache, zima swichi, fungua plagi moja mara hiyohiyo na uiangalie mdomoni. Ikiwa imelowa na inanuka petroli, mafuta yanafika ila hayawashwi, nenda upande wa moto. Ikiwa kavu kabisa na hainuki chochote, mafuta hayafiki, nenda upande wa pampu na nozeli. Toa hata ya pili na ya tatu ulinganishe, zote zikiwa na hali moja jibu lako ni imara. Angalia pia kile kiporselini cheupe kama kina ufa, na nafasi ya mdomo kama imetanuka kupita kiasi, ila plagi zilizochoka kidogo kwa kawaida hazifanyi gari igome kabisa, zinafanya iwake kwa shida.

Kitu kingine cha kukumbuka hapa, koili moja ikifa kwenye injini ya silinda nne yenye koili kwa kila silinda gari bado itawaka, itatetemeka na kukosa nguvu ila itawaka. Kwahiyo gari isiyowaka kabisa usikimbilie kubadilisha koili moja. Moto ukikosekana silinda zote kwa pamoja tafuta kitu kinachohudumia zote, yaani fyuzi ya koili, rilei, sensa ya krankshafti, au koili yenyewe kama gari ni ya zamani yenye koili moja na distribyuta.

Kupima moto wa plagi nafanyaje bila kupigwa shoti?

Tumia kile kitesta cha cheche, kinabanwa kwenye bodi ya injini na kinakuonyesha cheche bila wewe kushika kitu. Usishikilie plagi kwa mkono hata kama umemuona fundi anafanya, umeme wa koili unafika makumi ya maelfu ya volti. Kabla ya kupima toa fyuzi ya pampu ya mafuta, maana tundu la plagi likiwa wazi linatema mvuke wa petroli na wewe unatengeneza cheche hapohapo pembeni. Cheche nzuri ni ya bluu, kali, unaisikia inalia. Ikiwa ya njano na nyembamba nyembamba hiyo ni dhaifu.

Plagi ni kavu. Nikabadilishe pampu?

Subiri kwanza. Kwenye safari ya umeme kutoka betri hadi pampu kuna fyuzi, rilei, waya, plagi ya waya juu ya tanki na ethi, na chochote kati ya hivyo kikikatika pampu inanyamaza. Fyuzi toa uiangalie na uipime, sio kuangalia kwa juu tu. Rilei tafuta nyingine inayofanana nayo kabisa kwenye boksi hilohilo, mara nyingi ya honi au ya taa, badilishana uone. Baadhi ya gari zina swichi ya usalama inayokata mafuta gari ikigongwa, inaweza kujikata hata kwa kishindo cha kawaida, kitabu cha gari kinasema iko wapi na inarudishwa kwa kuibonyeza, ila hakikisha kwanza hakuna sehemu inayovuja.

Umeme ukifika kwenye pampu na pampu imenyamaza, gonga chini ya tanki kwa nyundo ya mpira wakati mtu anapiga stata. Ikiamka, umepata jibu, pampu inakufa, na usiichukulie kama imepona, itakuacha tena na hujui wapi.

Alafu kuna hili ambalo linawapoteza hata mafundi, pampu inaweza kulia vizuri kabisa na isitoe presha. Kusikia mlio sio kupima. Gari nyingi zenye nozeli za kawaida zinafanya kazi kwenye bar 3 hadi 4, geji ya presha ikifungwa kwenye bomba la nozeli ndo inamaliza ubishi. Inasoma bar 1? Pampu imechoka, filta imeziba, au regyuleta inarudisha mafuta yote. Inasoma vizuri na plagi bado kavu? Basi nozeli hazifunguki, na hapo mara nyingi kompyuta haizipi amri. Tahadhari, gari zinazonyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda zina upande wenye presha kubwa sana, huko usifungue nati yoyote mwenyewe.

Nimepima kwa mita nimepata volti 12 kwenye plagi ya pampu lakini pampu haizunguki. Pampu imekufa?

Hapana, bado hujajua. Mita inakunywa umeme kidogo mno, kwahiyo waya ambao umebakiza nyuzi mbili tatu, zingine zote zimeoza na kuwa kijani, utakusomea 12 safi kabisa. Ukiupa mzigo unaanguka. Tumia taa, balbu ya kawaida ya gari yenye waya mbili. Chomeka kwenye plagi ya pampu, mwambie mtu awashe swichi, ukumbuke ni sekunde 2 tu kwahiyo uwe tayari. Balbu ikiwaka kwa nguvu, umeme na ethi viko sawa na pampu ndo mbovu. Ikiwaka kwa unyonge kama inataka kuzima, kuna ukinzani njiani, hamisha waya wa balbu ulio upande wa ethi ukaushike kwenye bodi safi, ikipata nguvu ghafla basi ethi ndo tatizo. Pampu nzima nyingi zinatupwa kwasababu hakuna aliyefanya kipimo hiki cha dakika tano.

Gari inazima yenyewe ikipata moto, ikipoa inawaka kama hakuna kilichotokea. Hii ni nini?

Mtuhumiwa wa kwanza ni sensa ya krankshafti. Ndio inayoiambia kompyuta injini inazunguka na pistoni iko wapi, ikinyamaza kompyuta inaona injini imesimama, haitoi moto wala haifungui nozeli, hata kama stata inazunguka mbele ya macho yako. Ikiwa na ufa wa ndani inakatika ikipata joto na kurudi ikipoa. Ndo maana ukiipeleka kwa fundi imeshapoa anakwambia gari nzima.

Kumkamata huyu, mashine ya kusoma kodi (namba za hitilafu ambazo kompyuta ya gari imeandika) ichomekwe gari ikiwa bado imegoma, fungua sehemu ya data inayotembea, piga stata, tazama RPM. Stata ikizungusha vizuri inatakiwa isome kama 200 na kitu. Ikisoma 0, una sensa mbovu, waya wake umekatika au umeungua karibu na ekzosi, au plagi yake ya waya imejaa oili. Kodi yake maarufu ni P0335 ila sio kila mara inatokea. Sensa ya kamshafti (shafti inayofungua valvu) yenye kodi P0340 ni ndugu yake, hiyo kwenye gari nyingi inachelewesha tu kuwaka, nyingine zinagoma kabisa.

Pampu ya mafuta inayochoka nayo inaweza kuzima kwenye joto, kwahiyo siku ikizima kimbilia RPM na mlio wa pampu hapohapo kabla haijapoa.

Inawaka sekunde moja mbili alafu inazima. Kila nikijaribu ni hivohivo.

Hiyo tabia inafanana sana na imobilaiza, hasa kama taa yake inamemeteka. Gari inasoma chipu iliyo ndani ya ufunguo, isipoitambua, baadhi zinakata stata kabisa na nyingine zinaacha stata izunguke ila zinazima nozeli. Jaribu ufunguo wa akiba. Tenganisha ufunguo na funguo zingine zenye chipu kwenye kishikizo kimoja. Gari ya kubonyeza kitufe, betri ya rimoti ikiisha gusisha rimoti yenyewe kwenye kitufe cha kuwashia alafu bonyeza, nyingi zina njia hiyo ya dharura.

Na kama gari imewahi kufungwa alamu au kifaa cha kufuatilia, anzia hapo. Vifaa hivyo mara nyingi vinakata waya wa pampu au wa swichi chini ya dashibodi na kuunga rilei yake, viungo vinafungwa kwa tepu tu, baada ya muda vinalegea. Utapima gari nzima siku mbili na kumbe shida ni kiungo kimoja kilichosokotwa kwa mkono.

Nilisogeza gari kidogo ikiwa baridi nikazima, sasa haiwaki na inanuka petroli sana.

Imezidiwa na mafuta, plagi zimelowa. Kwa gari ya petroli yenye nozeli kanyaga aksileta mpaka chini kabisa na uishikilie hapohapo, usipampu, alafu piga stata sekunde 5 hadi 10. Kompyuta nyingi zikiona aksileta iko chini kabisa wakati wa kuwasha zinafunga nozeli, injini inavuta hewa tupu na kukauka. Itakohoa kohoa, ikianza kushika achia taratibu. Ikigoma toa plagi zikauke. Kama inarudia rudia bila sababu, angalia sensa ya joto la maji, ikiidanganya kompyuta kwamba injini ni baridi sana, mafuta yanamwagwa mengi kila ukiwasha.

Leo stata inazunguka haraka kuliko kawaida, nyepesi, sauti imenyooka tu. Betri imepata nguvu?

ACHA KUPIGA STATA. Injini nzima ikizungushwa ina mapigo, unasikia inapanda na kushuka, kwasababu kila pistoni inapobana hewa stata inapata kazi. Ikiwa imenyooka kama feni bila mapigo, kompresheni haipo, na sababu inayoongoza ni mkanda wa taimingi kukatika au kuruka meno. Kwenye injini nyingi mkanda ukikatika pistoni zinakutana na valvu zilizobaki wazi, valvu zinapinda. Fungua kava ya juu ya mkanda uangalie kwa macho, na usikubali mtu yeyote aendelee "kujaribu tena kidogo". Injini za cheni nazo zinaweza kuruka, hapo kodi kama P0016 inaonyesha krankshafti na kamshafti hazikubaliani.

Mkanda ukiwa mzima, pima kompresheni kwa geji. Injini ya petroli yenye afya mara nyingi inasoma kuanzia bar 10 kwenda juu na silinda zikikaribiana.

Tuisukume?

Kama stata inazunguka kwa spidi nzuri kusukuma hakusaidii kitu, maana kusukuma kunafanya kazi ileile ambayo stata tayari inafanya. Inasaidia tu kama betri imechoka na gari ni ya gia za mkono. Mkanda ukiwa umekatika utaongeza uharibifu.

Na ile dawa ya kopo ya kusaidia injini iwake, inayopulizwa kwenye njia ya hewa?

Kwa petroli kama kipimo sio mbaya, pulizo dogo tu kwenye njia ya hewa alafu piga stata. Ikishika sekunde moja ikafa, moto upo na mafuta hayapo. Isiposhika hata kidogo, rudi upande wa moto. Asiwepo mtu karibu na mdomo wa hewa wa injini wakati wa kupiga stata. Dizeli yenye hita plagi (plagi za kupasha joto silinda) usithubutu, inaweza kulipukia ndani na kuvunja pistoni.

Gari yangu ni dizeli, haya yote yananihusu?

Betri, fyuzi, sensa na imobilaiza ndio, moto wa plagi hapana kwasababu dizeli inajiwasha kwa joto la hewa iliyobanwa. Kwako kipimo cha kwanza ni moshi. Piga stata mtu akiangalia ekzosi, ukitoka moshi mweupe unaonuka dizeli, mafuta yanaingia ila hayawaki, tafuta hita plagi kama ni baridi, au kompresheni, au stata inayozungusha taratibu. Hakuna moshi kabisa, mafuta hayafiki.

Na mafuta yasipofika swali la kwanza ni je, iliishiwa au filta imebadilishwa karibuni? Hewa imeingia. Pampu ya mkono juu ya filta, ipampu mpaka iwe ngumu. Ikilainika tena baada ya muda kuna sehemu inavuta hewa, angalia sili ya filta na mipira. Dizeli za zamani zina solenoidi ya kuzimia kwenye pampu, washa swichi usikilize "tk", isipolia pima umeme wake. Za komon reli, yaani zenye bomba moja la presha kubwa linalolisha nozeli zote, zinahitaji presha ya kama bar 200 au zaidi kwenye reli ndo kompyuta ifungue nozeli, isome kwa mashine wakati wa kupiga stata, na mabomba ya huko usiyafungue injini ikizunguka kwa sababu yoyote ile, presha yake inapenya ngozi.

Mashine haijaonyesha kodi yoyote, ina maana gari nzima?

Hapana. Pampu dhaifu, filta iliyoziba, maji kwenye mafuta, vyote vinaweza visiandike kodi hata moja. Na kodi ikitokea mara nyingi inataja njia ya umeme, sio kifaa cha kununua, P0335 inaweza kuwa sensa na inaweza kuwa waya ulioliwa na panya. Mashine ikikataa kabisa kuongea na kompyuta ya injini wakati vifaa vingine inaviona, rudi kwenye fyuzi kuu, rilei kuu na ethi za kompyuta.

Nikimwita fundi nimwambie nini?

Mwambie stata inazunguka na kwa spidi gani, pampu inalia au hailii, taa ya injini inawaka swichi ikiwa on au haiwaki, RPM inasogea au imelala, plagi zimelowa au kavu, gari ilizima ikitembea au ililala nzima ikaamka hivi, na nini kilifanyika mara ya mwisho, kujaza mafuta, kuosha injini, kufunga alamu, kubadilisha filta. Akija akafungua simu kuagiza pampu kabla hajaweka geji wala balbu popote, muombe apime kwanza mbele yako.